Ukuta wa Chumba cha Mbele

Juni 1. Joto. Mawingu, hakuna mvua.

Redio inasema msimu wa vimbunga umeanza leo na utakwisha tarehe thelathini Novemba. Wangeniuliza mimi. Kimbunga changu kilitua mwezi Machi, kina nywele fupi nyeupe, kinavaa viatu vya mpira, kinaitwa Bi Karin Tollefson, na kimenunua nusu ya nyumba yetu.

Naandika kwa sababu kesho kutwa naenda kutazama kazi kwake, na Baba alinifundisha kwamba fundi lipu asiyeandika hali ya hewa na mchanganyiko wake ni mpakaji matope tu. Kila ukuta nilioupiga lipu katika mtaa huu wa Tremé kwa miaka hamsini na mbili una ukurasa wake, na huu nao utaupata. Ni nyumba ya babu yangu. Paa lake linainamia barabarani, milango minne mbele, ukuta mmoja katikati unaoigawa kuwa nyumba mbili pacha. Kuta ni nguzo za mbao zilizojazwa matofali ya udongo wa mto, laini kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa ukucha yanatoa unga. Binamu zangu wa Los Angeles, ambao hawajakanyaga hapa tangu wakiwa na meno ya utoto, walidai fungu lao na kuliuza. Upande wa kulia ukaenda. Tumebaki upande wa kushoto, mimi na Nenèn Philomise.

Nenèn, yaani mama wa ubatizo, ni dada wa Baba; ndiye aliyenishika siku ya ubatizo, na Mama alipokufa ndiye aliyenilea. Ana miaka tisini na moja, ila ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Alizaliwa katika chumba cha mbele cha upande wa kulia, na tangu nikiwa navaa kaptula amekuwa akisema atakufa humo humo. Nilimwahidi. Sasa chumba hicho kina mashine ya kahawa ya mtu.

Juni 3. Joto.

Bi Karin amenikaribisha kahawa na kunizungusha ndani ya nyumba ya babu yangu, akinionyesha.

"Hiki, Fundi, ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote," akasema, tukiwa chumba cha mbele. "Kila mtu mtaani ananiambia hakuna mkono kama wako. Nataka ukuta huu urudi vile vile ulivyokuwa zamani."

"Zamani ipi?"

"Ile halisi."

Wakati huo huo mwongoza watalii mmoja mwenye kofia ya ukindu alikuwa amesimamisha kundi lake mbele ya mlango, anawaambia kwamba hapa aliishi kimada wa haramia na kwamba usiku husikika akilia. Babu yangu alijenga nyumba hii kwa mikono yake na hakuna haramia aliyewahi kuketi hata kwenye ngazi. Bi Karin akanikonyeza. "Nampenda yule," akasema. Nikasema kazi nitaifanya.

Juni 9. Jua kali, upepo kidogo. Saruji moja, mchanga tatu. Chokaa hakuna.

Nimeandika kama ilivyo. Daftari hili halijawahi kudanganya na halitaanza leo.

Ukuta wa matofali yetu hupigwa chokaa na mchanga, basi. Maji yanapanda kutoka ardhini, mji mzima huu umekaa juu ya maji, na chokaa huyaachia yatoke taratibu kama jasho kwenye shati. Ukipiga saruji umefunga mlango. Maji yanabaki ndani, matofali yanalainika yanakuwa uji, nguzo zinaoza, kumbikumbi wanasikia harufu. Kwa nje unaona ukuta mweupe, mgumu, mzuri. Miaka mitatu, minne, mwenye nyumba anaanza kulia. Ataiuza kwa bei ya kuni na kurudi kwao kwenye theluji, na mimi nitakuwepo. Nitaibandua saruji yangu mwenyewe, nitampa Nenèn chumba chake. Ndiyo hesabu yangu, na nimeifanya nikiwa na akili timamu.

Nikiwa nachanganya kwenye karai, nani akatokea? Enos Gaudet. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka sita. Nilimfukuza miaka ishirini iliyopita mbele ya mafundi wote kwa ndoo moja ya saruji aliyoipiga kwenye nyumba ya masista. Niliimwaga ile ndoo juu ya viatu vyake na kumwambia asitamke jina langu mahali popote. Leo ni mtu mzima mwenye magari mawili ya kazi na kitambi. Akasimama, akatazama karai. Rangi ya kijivu haijifichi.

"Bosi," akasema. "Macho yangu yanaona vizuri?"

"Pita njia yako."

"Napita, Mzee, napita." Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Nilijua tu. Umri nao!"

Nikapiga ndani na nje. Juu yake nitapaka chokaa nyembamba, asijue mtu.

Juni 10. Jua. Tabaka la pili. Mwiko ulikwenda sawa.

Juni 16. Mawingu.

Amekuja mtu wa ofisi ya majumba ya kale na karatasi zake. Alisimama ng'ambo ya barabara, akalinganisha rangi ya ukuta na kijikaratasi cha rangi, akahesabu vibao vya madirisha, akatia alama. Hakuvuka hata barabara. "Kazi nzuri mno, mzee wangu," akapaza sauti. Nikamwinulia kofia.

Juni 24. Mvua tangu asubuhi. Ukuta unakunywa. Vizuri.

Juni 25. Mvua.

Juni 27. Mvua. Kumbikumbi wametoka tena jioni, tukazima taa, mtaa mzima giza. Nenèn alikula maharage yake kwa kupapasa na kunilaumu mimi kwa kumbikumbi.

Julai 2. Jua la kuchoma.

Sijui nianzie wapi. Bi Karin alikuja na sahani ya pichi, akaketi kwenye ngazi zetu kando ya Nenèn, wakaanza kupiga soga. Nikawaacha, nilidhani Nenèn atamchamba kama anavyowachamba wote. Niliporudi, mwanamke yule alikuwa ameshika mkono wa Nenèn na machozi yamemlengalenga.

"Fundi, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba alizaliwa kwenye chumba kile. Kwamba anataka…" Akashindwa kumalizia. "Mimi nalala nyuma. Chumba cha mbele nimekiweka kwa ajili ya kukitazama tu, Mungu anisamehe. Ahamie. Akae muda wote anaoutaka. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, sitaona kazi."

Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikasema Nenèn ni mgonjwa. Nenèn akasema mgonjwa ni mimi, wa kichwa. Nikasema lipu haijakauka sawasawa.

"Ina karibu mwezi," akasema Nenèn. "Ulipiga lipu au ulipika mchuzi wa gumbo?"

Wakacheka wote wawili. Wakapanga siku.

Nimekaa hapa na kalamu tangu saa kumi. Yule mwanamke ningemchukia vizuri kabisa kama angenisaidia kidogo.

Julai 8. Joto. Nenèn amehama.

Alivuka baraza kwa miguu yake mwenyewe, hatua kumi na nne, na alikataa mkono wangu. Alivaa gauni la kanisani. Alipoingia aliinua macho darini, akaiona ndoano ya chandarua cha mama yake bado ipo, akaketi kitandani, akasema "Haya," kama mtu aliyeshushwa kituo chake. Bi Karin alimwosha miguu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeishika kofia.

Julai 11. Mvua ya mchana, radi.

Leo Nenèn aliniita. Bi Karin alikuwa kazini.

"Njoo hapa, Ovide. Funga mlango."

Nikafunga. Alikuwa ameulalia ubavu ukuta, kiganja amekibandika juu yake, amefumba macho.

"Baba yangu alikuwa fundi lipu," akasema. "Mume wangu fundi lipu. Baba yako, kaka yangu, fundi lipu. Nimelala kando ya kuta za chokaa miaka tisini. Huu ni nini?"

"Ni ukuta, Nenèn."

"Usinifanye mtoto. Unatoa jasho. Chokaa haitoi jasho, chokaa inapoa. Huu unanitemea mate." Akafungua macho. "Umepiga saruji."

Nilidhani nitakataa. Mdomo haukutaka.

"Kwa nini?" akauliza, na kabla sijajibu akainua mkono. "Acha. Najua kwa nini. Umemwua farasi ili umkomeshe mpanda farasi. Baba yako angekuvunja kidole kimoja kimoja."

Nikamwambia nitamrudisha upande wetu leo leo, nitatafuta sababu, nitambebea kitanda.

"Thubutu! Nimezaliwa humu. Sitoki."

"Nenèn, maji yatazidi kupanda. Yatakuja kifuani mwako."

"Basi mwambie. Mwambie yule mama ulichofanya, ubandue, upige upya, mimi nitalala nyuma wiki mbili. Mpaka umwambie sitoki. Na mimi simwambii, usinitegemee. Kosa ni lako, mdomo ni wako."

"Jina langu, Nenèn."

"Jina lako," akasema, kisha akakohoa kidogo. Ni vumbi tu, nadhani.

Kesho nitamwambia.

Julai 12. Sikumwambia. Alikuwa na wageni.

Julai 13. Mvua. Kesho.

Julai 19. Mvua. Chini ya ukuta, kwa ndani, kuna mstari wa unyevu unaofika kwenye goti. Bi Karin kauona. Anasema nyumba za zamani ndivyo zilivyo, zina tabia zake. Amenunua mashine ya kunyonya unyevu. Inanguruma mchana kutwa na kujaza ndoo moja kila siku.

Julai 20. Kesho.

Julai 30. Joto la kuua. Bamia zimepungua sokoni. Nenèn anakohoa asubuhi. Nilipoingia hakunisalimu, aliuliza tu: "Umemwambia?" Nikasema bado. Akageukia ukuta.

Agosti 6. Mvua.

Leo nilidhamiria. Nilinyoa ndevu, nilivaa shati safi. Nikabisha.

"Fundi! Kumbe umesikia!" akasema Bi Karin kabla sijafungua mdomo, na akanivuta ndani. Mezani kulikuwa na mchoro. "Nilitaka iwe siri. Wenye jumuiya ya mtaa wamekubali tuweke kibao cha shaba ukutani. Yule wa kofia ya ukindu badala ya haramia awasomee watu ukweli. Tazama."

Imeandikwa: Nyumba hii ilijengwa na familia ya Marsalin, mafundi lipu wa vizazi vinne. Ukuta huu ulirejeshwa katika hali yake halisi na fundi Ovide Marsalin.

"Hali yake halisi," nikasema.

"Umeguswa," akasema, akanipigapiga bega.

Nilikunywa kahawa yake nikaondoka. Nenèn alikuwa akisikiliza yote kupitia mlango ulio wazi. Nilipopita aliniita: "Umependeza, Ovide. Hilo shati ndilo nitakalokuzika nalo ukinitangulia." Na mimi, mpumbavu, nikacheka.

Agosti 7. Kesho.

Agosti 15. Kupalizwa Mama Maria. Kengele za kanisa. Padri alimletea Nenèn komunyo chumbani. Alitoka akaniambia chumba kina ubaridi mtamu wakati mji mzima unaungua. Nikamjibu vibaya. Hakustahili.

Agosti 22. Ukungu mweusi nyuma ya kitanda, wa ukubwa wa sahani. Bi Karin anausugua kwa siki. Kesho yake unarudi.

Agosti 29. Upepo wa mashariki. Redio inataja dhoruba katika Ghuba. Nimepigilia mbao madirishani, ya upande wetu na ya upande wake. Alinishukuru. Kila siku ananishukuru kwa jambo. Nimeanza kuogopa kumwona akifungua mdomo.

Septemba 3. Dhoruba.

Ilianza alfajiri na mchana kutwa haikupumzika. Umeme ulikatika saa nne asubuhi na mashine ya kunyonya unyevu ikanyamaza. Sikujua nimeizoea hivyo. Tuliketi watatu chumba cha mbele kwa sababu ndicho imara, alivyosema Bi Karin. Imara! Mvua ilikuja ubavuni kama inamwagwa kwa ndoo, mfereji wa bati wa paa ukang'oka ukaangukia barabarani, na maji yote ya paa yakawa yanashuka juu ya ukuta wangu.

Ukuta wa chokaa ungelowa, ungetota, na wiki ijayo ungekauka. Huu nilikuwa nausikia. Nyuma ya saruji kulikuwa na sauti ndogo, ya kitu kinachodondoka ndani kwa ndani, punje, punje. Mtu mwingine asingejua ni nini. Nenèn alijua. Alikuwa kajifunika shali, ananitazama, na kila punje ilipodondoka aliinua kidole kimoja, taratibu, akihesabu.

"Unahesabu nini, Bibi?" Bi Karin akauliza.

"Baraka," akasema Nenèn.

Nilikuwa na mchana mzima. Hakukuwa na wageni, hakukuwa na kahawa, hakukuwa na mchoro mezani. Mlango umefungwa, sisi watatu. Sentensi moja tu: nilipiga saruji makusudi, nilitaka nyumba ikuangukie. Niliifungua mara tatu kinywani. Mara ya tatu Bi Karin akanishika goti akasema, "Usiogope, Fundi. Umeijenga vizuri." Nikaimeza tena.

Septemba 4. Hakuna umeme. Joto. Nenèn ana homa.

Septemba 5. Hakuna umeme. Homa.

Septemba 7. Umeme umerudi. Bi Karin amemletea daktari. Mapafu. Daktari anataka aende hospitali, Nenèn anasema atakayemgusa atang'atwa. Ana meno manne na anajua kuyatumia.

Septemba 14. Jua.

Nilikwenda kumwambia. Nikamkuta Enos Gaudet barazani, kaja kurekebisha mfereji. Bi Karin kamwita kwa sababu aliona jina la mtaa huu kwenye gari lake.

"Mzee!" akasema Enos. "Tulikuwa tunakusifu. Namwambia mama huyu mimi ni kazi ya mkono wako." Akasogea, akaugonga ukuta kwa kiungo cha kidole. Ulitoa sauti ya ngoma: lipu imeachana na tofali. Akagonga tena juu kidogo, akinitazama mimi, siyo ukuta. "Sauti hiyo, Bosi! Sauti tamu."

"Ina maana gani?" akauliza Bi Karin.

"Ina maana fundi ni bingwa," akasema Enos. "Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakaningoja. Nikasema maana yake ni kwamba ukuta ni mkavu.

Septemba 15. Kesho.

Septemba 21. Kesho.

Septemba 30. Sikuandika kesho. Nimechoka kuisoma.

Oktoba 5. Hewa imepoa. Mirliton, mboga zetu zinazofanana na matango, zimeiva kwenye uzio wa nyuma. Bi Karin aliniuliza ni matango gani yale, nikamfundisha kuyajaza kamba wa baharini na mkate. Alimlisha Nenèn kijiko kwa kijiko. Nilitazama kupitia dirishani. Mwezi Juni nilimwona mwizi. Leo nimeona mtu anayempangusa shangazi yangu mdomo kwa uvumilivu ambao mimi sina, na mwizi alikuwa nje ya dirisha.

Oktoba 9. Jua jepesi, upepo wa kaskazini.

Nenèn amefariki saa nane na robo mchana.

Aliniita asubuhi. Sauti ilikuwa imebaki uzi. Bi Karin alituacha peke yetu, anajua adabu hizo.

"Umemwambia?"

Nikaona anakufa. Nikaona nimpe hicho kimoja aende nacho.

"Ndiyo, Nenèn. Jana. Amenisamehe. Jumatatu naanza kubandua."

Akatoa mkono chini ya shuka, ulichukua muda mrefu, akauweka ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa. Akauacha mkono pale.

"Muongo," akasema. Kisha: "Ulikuwa mtoto mzuri, Ovide. Sijui nilikosea wapi."

Hakusema tena. Alikufa katika chumba alichozaliwa, kama nilivyomwahidi.

Oktoba 13. Tumemzika. Bendi ilipiga polepole kwenda, na kurudi wakapiga ya kucheza kama desturi yetu inavyotaka. Bi Karin alicheza na mwavuli, vibaya, analia. Mimi miguu ilikataa.

Oktoba 14. Jua.

Nimemwambia.

Nilimwambia jikoni kwake, nimesimama. Sikuficha kitu. Nilisema nilipiga saruji badala ya chokaa, ndani na nje, makusudi.

Alinitazama, anangoja niendelee. "Saruji," akasema. "Lakini saruji si ndiyo imara zaidi?"

"Kwa tofali hili ni sumu."

"Enos anasema siku hizi wote wanatumia." Uso wake ukalainika. "Fundi. Ulinipa kitu cha nguvu zaidi kuliko nilichoomba, na umekaa na hilo moyoni miezi minne?"

"Hunielewi. Nilitaka nyumba ikuangukie. Nilikuchukia. Ukuta ule ndio uliomwua Nenèn!"

Hapo aliinuka, akanikumbatia. Mimi ni mtu wa miaka sabini na moja, nimebeba mifuko ya mchanga maisha yangu yote, na sikuweza kujitoa kwenye mikono ya yule mwanamke.

"Nimeona familia nyingi sana," akaniambia sikioni. "Wote hutafuta wa kumlaumu, na mwisho hujilaumu wenyewe. Alikuwa na miaka tisini na moja. Alikufa kwa uzee, Fundi, kwenye kitanda chake. Wewe ndiye uliyempa hilo."

Nikamwambia tena. Akanipikia chai.

Novemba 1. Watakatifu Wote. Jua safi.

Asubuhi nimekwenda makaburini na ndoo yangu. Familia zote zipo, watu wanasugua, wanapaka, wanakula vitumbua juu ya mawe. Kaburi letu nimelipiga chokaa niliyoiloweka tangu kiangazi, tabaka tatu nyembamba. Sijapiga kazi nzuri hivyo miaka mingi. Nenèn ndani yake hana haja nayo.

Mchana wamezindua kibao. Kulikuwa na mkate, divai, padri, mtu wa ofisi ya majumba ya kale, safari hii amevuka barabara. Yule wa kofia ya ukindu alisoma kwa sauti. Aliposema "katika hali yake halisi" watu walipiga makofi. Enos alipiga kuliko wote.

Novemba 2. Wafu Wote. Jua.

Saa moja asubuhi nilichukua nyundo na patasi nikaanza kuubandua ukuta kutoka nje. Nilianzia kwenye kibao, penye jina langu. Saruji ilitoka mabamba makubwa kama maganda ya yai, na nyuma yake matofali ya babu yangu yalimwagika kwenye viatu vyangu, uji mwekundu. Nguzo ya kwanza niliichoma kwa kidole na kidole kikaingia mpaka kiungo cha pili. Mchwa walikuwa weupe na wengi.

"Tazameni!" niliwapigia kelele majirani waliotoka. "Tazameni nilichofanya!"

Walichokiona ni mzee mwenye nyundo. Jirani mmoja alinishika mikono kwa upole. Polisi walikuja, na Bi Karin aliwasihi wasinichukue. "Amefiwa," aliwaambia. "Mnamwona wenyewe." Waliniagiza nisiukaribie tena ukuta wa jirani yangu. Nyundo waliichukua.

Novemba 3 hadi 20. Sijaandika kitu. Niliketi.

Novemba 30. Baridi, jua. Redio inasema msimu wa vimbunga umekwisha leo.

Enos ana siku tatu ukutani. Amebadilisha nguzo mbili, amechomeka matofali mapya panapoonekana. Leo amepiga lipu. Nilitazama kutoka kwenye ngazi zangu, sikukaribia. Kabla ya kuchanganya aliokota pande la lipu yangu chini, akaligeuzageuza, akaja nalo mpaka kwenye uzio.

"Bosi, sikudhihaki sasa," akasema, na ni kweli hakuwa akidhihaki. Alikuwa amevua kofia. "Miaka ishirini sikupata usingizi kwa sababu ya ile ndoo. Nilijiona mhalifu. Kisha nikakuona wewe na karai lile, na nikasema, kumbe! Nikawaambia wenzangu wote. Masista, ile nyumba ya kona, ile yenye uzio wa chuma cha maua, ile ya mganga wa meno, zote mwaka huu tumezipiga hivi. Mtu akiuliza tunamwambia, hata Mzee Marsalin."

"Enos," nikasema. "Usiipige hapa, na hizo zote zibandue. Nakuomba. Nilikosea."

Alinihurumia. Nililiona hilo vizuri usoni mwake.

"Pumzika, Mzee," akasema. "Tumejifunza kwako."

Alipiga saruji ile ile, akamaliza saa tisa, akapaka chokaa nyembamba juu, akapigilia kibao mahali pake. Yule wa kofia ya ukindu amepita na kundi la saa kumi na amekisoma.

Jua, upepo wa kaskazini. Saruji moja, mchanga tatu. Chokaa hakuna.